Mpaka Chai Iishe

Siku ambayo nusura nimtoe skuli mtoto wa watu naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka namshukuru Mungu kwa chai ya moto. Jana uliponipigia simu unalia, ukaniambia kidato cha tatu kimekushinda na unaacha ualimu, nilijikuta nacheka. Usinikasirikie. Sikukucheka wewe, nilijicheka mimi nilipokuwa na umri kama wako.

Nilikuwa nasomesha jiografia katika skuli moja hapa mjini. Nyuma kabisa alikuwa akikaa kijana mmoja, Othman. Nikigeuka tu kuchora mto ubaoni, anawika. Na si kuwika kwa kubahatisha. Jogoo hasa, hata kuku wa jirani wangeitika. Darasa zima linaangua kicheko, na mto wangu haufiki baharini. Nilimfokea, nikamsimamisha, nikamtia bakora. Akazidi.

Siku hiyo aliwika mpaka nikaitupa chaki na kutoka nje machozi yananitiririka. Nikakutana na Maalim Khatib, mzee aliyekuwa akisomesha hesabu chumba cha jirani.

"Naenda kwao leo leo," nikamwambia. "Nshachoka mie."

"Nenda, Bi Zuhura," akasema. "Lakini wakikutilia chai, usiseme lililokupeleka mpaka uimalize."

Nikaona mzee ananitania. Chai na jogoo wapi na wapi?

Sasa lazima ujue jambo moja. Baba yake Othman alikuwa ameshaapa mbele ya mwalimu mkuu kwamba akiletewa kesi moja tu nyengine, anamtoa mwanawe skuli na kumpeleka Mlandege akabebe magunia dukani kwa ami yake. Nilijua. Kesi yenyewe nilikuwa nayo mdomoni, na ilikuwa tamu.

Walikuwa wakikaa Michenzani, ghorofa ya nne. Nilipiga hodi, akafungua Othman mwenyewe. Rangi ikamtoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wazee wapo?"

Mama yake alinipokea kwa bashasha. "Karibu, mwalimu, karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone." Baba hakutabasamu. Alikaa mbele yangu akaniambia, "Sema, mwalimu. Kama ni kesi, tuimalize leo hii."

Ulimi ulikuwa tayari. Lakini Othman alishaleta chai ya tangawizi, kikombe kinagongagonga juu ya kisahani, na mimi nikalikumbuka neno la Maalim.

"Ntasema, baba. Nnywe chai kwanza."

Ikaniunguza. Ikabidi ninywe funda moja moja, huku napuliza. Mama akawa ananihadithia jinsi maji yanavyokatika na ngazi zinavyomchosha, nami naitikia tu. Ndipo nikamwona Othman kasimama mlangoni. Hakuwa akiniangalia usoni. Alikuwa akikiangalia kikombe, namna chai inavyopungua. Jogoo wangu yule, kumbe ni mtoto mwenye hofu! Nikaingiwa na hofu pamoja naye. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Kidole kitapona, lakini Othman akishapelekwa Mlandege mimi ningemrudisha kwa neno gani?

Chai ikaisha.

"Nimekuja kukuombeni ruhusa," nikasema, na mpaka leo sijui maneno yalitoka wapi. "Darasa langu kubwa, na sauti yangu haifiki nyuma. Othman sauti anayo, mie shahidi. Nataka awe ananisomea kitabu mbele ya wenzake."

Baba akamgeukia mwanawe. "Umesikia?"

"Naam, baba."

Mama alishusha pumzi mpaka nikaisikia. Baba akaniongezea chai kwa mkono wake mwenyewe.

Othman alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Nilikuwa na raha kama niliyeokolewa ni mimi.

"Mwalimu, siwiki tena," akasema kwa sauti ndogo.

"Utawika," nikamwambia, "nikikuruhusu."

Nisikudanganye, aliwika tena. Lakini nilikuwa nageuka, nanyanyua kikombe cha hewa na kukipuliza, naye anacheka na kufungua kitabu. Wenzake hawakujua siri ya kikombe kile. Alimaliza masomo yake. Sasa ni mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, na kila Sikukuu akija kunipa mkono hapigi hodi. Anawika mlangoni.

Basi usiache kazi, mwanangu. Anayekuvurugia darasa usimvunjie heshima mbele ya wenzake, maana hapo hana budi ashindane nawe. Mwite kando. Wajue wazee wake kabla hujawapelekea mashtaka. Kile anachokusumbulia, kitafutie kazi. Na hasira ikikupanda, kwanza unywe chai, tena iwe ya moto. Mwenye kusitiri husitiriwa.

Mwenyezi Mungu akupe kifua cha kuyaweka maneno yasiyostahili kutoka, akulainishie nyoyo za wanafunzi wako, na akujaalie uzeeni nawe uwe na jogoo wako wa kukuwikia mlangoni.