Herufi Kumi Ubaoni

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilipangiwa sekondari moja kule Getanuwas, kwa wafugaji. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Dongobesh. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, tena hakuwa na maziwa ya kujisifia. Lakini nilitaka kuwafurahisha kidato cha pili, basi hesabu ya kutafuta x na y nikaitungia mifugo: ng'ombe wawili na mbuzi watatu wanatoa lita kumi na tatu, ng'ombe mmoja na mbuzi wanne, lita tisa. Ng'ombe anatoa ngapi, mbuzi ngapi?

Nikamwita ubaoni binti mmoja hodari, ambaye baba yake alikubali asome kwa shingo upande. Akaandika herufi tano kwenye mlinganyo wa kwanza, tano nyingine kwenye wa pili, akaweka chaki chini.

"Haipatikani, mwalimu. Ng'ombe hawatoi sawa. Kila mmoja na herufi yake."

Darasa likacheka. Nilijua wananicheka mimi, damu ikanichemka. Nikamwambia anyooshe mikono. Fimbo ya kwanza, ya pili. Ya tatu akageuza kiganja, ikatua kwenye vidole. Nilisikia mfupa. Bado nikaendelea, mgongoni, mpaka fimbo ikavunjika, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa na sikutaka waone.

Kwa jinsi alivyoandika, alikuwa sahihi. Herufi kumi kwa milinganyo miwili hazipatikani hata ukeshe nazo. Mimi ndiye niliyesahau kusema ng'ombe wote wanatoa sawa, na mbuzi vilevile, na nililijua hilo kabla sijainua mkono mara ya pili.

Kesho yake baba yake akaja ofisini, binti yuko nyuma, mkono umefungwa kitambaa. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akauliza kwa upole mtoto wake amekosa nini.

Mkuu wa shule akanitazama. Ukweli wangu ungetosha kumbakiza binti yule shuleni.

"Alinidharau mbele ya darasa," nikasema.

Mzee akageuka, akamchapa binti yake kwa fimbo ya kuchungia, begani, shingoni, mpaka akapiga magoti. Binti hakulia. Alikuwa ananitazama mimi.

Kisha mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba radhi. Akasema shule imemharibu mtoto, anamrudisha nyumbani leo hii. Nikamjibu kwamba nimemsamehe.