Grisi Mpya Juu ya Mchanga wa Zamani

Mwanangu, kabla hujakabidhiwa ufunguo wa tela la watu, kaa nikuhadithie. Katika siku zote nilizofanya kazi Riyadh, ipo moja ambayo nikiikumbuka hushukwa na uso hata nikiwa peke yangu.

Nilikuwa dereva wa nyumba, kijana wa Kiunguja niliyezaliwa Jeddah, na Kiarabu nilikisema kama wenyewe. Bosi wangu alikuwa na tela la kupigia kambi, nyumba nzima ya magurudumu yenye vitanda na jiko, akiliweka kwenye yadi kule Al-Sulay. Tela la namna hiyo halifungwi nyuma ya gari. Pua yake hupanda juu ya pikapu, pini nene ya chuma ikaingia kwenye sahani iliyofungwa bodini, na taya za sahani zikaibana. Usalama wote uko hapo, mahali ambapo unaweza kupafunika kwa viganja viwili.

Siku moja kabla ya safari ya Jeddah, bosi aliniagiza nisafishe sahani ile na kuipaka grisi. Si kazi kubwa. Unafuta grisi kuukuu yote, maana jangwa lile huijaza mchanga, unachokoa taya mpaka zicheze, unakaza bolti, ndipo unapaka mpya. Mimi nilikwenda sokoni Batha kumnunulia mama udi na vitambaa. Asubuhi nikafika yadi nimeshavaa kanzu nyeupe ya kushukia nyumbani kwetu Jeddah, nikaogopa madoa. Nikachota grisi mpya kwa kijiti, nikaipaka juu ya ile ya zamani, ikang'aa. Nikafunga tela. Hata kuinama na tochi nione kama taya zimeibana pini, sikuinama.

Bosi akauliza, "Umesafisha?"

"Halas, bosi. Kila kitu tayari."

Watoto wa bosi walikuwa wengi na pikapu ikajaa. Madam, mke wa bosi, akamwambia Mama Kavata, mpishi wetu kutoka Kenya, akae ndani ya tela na vyombo vyake. Mtu hapandi tela linapovutwa, hilo nililijua. Na la grisi nililijua. Mama Kavata akaweka mguu kwenye ngazi, akanigeukia.

"Hapo mbele umeangalia vizuri, kijana wangu?"

"Panda tu, mama."

Kumwambia sijaangalia kungenitoa mwongo mbele ya bosi, na aibu ile ndogo niliiona kubwa kuliko roho ya mtu. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Hatukufika mbali. Kwenye tuta la lango la yadi, taya ambazo mchanga ulizizuia kufunga ziliachia pini, na pua ya tela ikaiangukia pikapu kwa kishindo. Tulimkuta Mama Kavata sakafuni kati ya masufuria, mkono umevunjika.

Yaliyofuata ndiyo yanayonitia haya zaidi. Hospitalini, mbele ya kitanda chake, bosi aliniuliza kwa Kiarabu imekuwaje. Nikasema sahani niliikagua, ila mpishi alijaza madumu ya maji nyuma ya tela na uzito ukainua pua. Mama Kavata hakujua Kiarabu zaidi ya yalla na mafi, yaani twende na hakuna. Alikuwa akinitazama mdomoni nikisema. Bosi alipotoka, akanishika kwa ule mkono mzima.

"Asante kwa kunitetea. Mungu akubariki."

Jioni nikamletea machungwa, tena nikammenyea. Fikiria ujinga wangu.

Madam akaamua arudishwe kwao. Mama Kavata akaja kuniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa ulimi wake, kosa lake ni lipi. Nikamwambia madam ana hasira zake tu. Nilipopata moyo wa kumweleza bosi ukweli, tikiti ilikuwa imeshakatwa na mpishi mwingine ameshapatikana. Bosi alinigombeza kidogo, akasema halas, yamepita. Nikabaki na kazi yangu.

Nikampeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Njiani nikamwambia yote, ya grisi na ya madumu na maneno niliyoyasema kitandani pake. Tukafika. Nilimshushia begi, kwa kuwa mkono wake ulikuwa bado kwenye plasta, ndipo akasema, "Kumbe ni wewe. Na mimi nimekuwa nikikuombea." Akaingia ndani. Sijamwona tena.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usipake grisi mpya juu ya mchanga. Inama, chafuka, tazama taya kwa macho yako, na kabla hujapandisha miguu ya chuma ambayo tela husimamia, livute kidogo breki zake zikiwa zimekamata, uone kama pini imeshikwa. Asipande mtu ndani, hata akiamrisha nani. Ukiulizwa na hujafanya, sema hujafanya papo hapo. Utaaibika, chai itapoa, mtachelewa, basi. Na ukiwa wewe ndiwe mwenye lugha kati ya watu wawili, usimsemee mwenzio neno ambalo usingeweza kumwambia kwa lugha yake akakuelewa.

Mola akufikishe salama kila uendako, akulainishie ulimi wa kukiri mapema, na asiwepo hata mmoja atakayeijutia dua aliyokuombea.