Jukwaa la Abiria

Leo nyuma ya ukuta wangu kuko kimya. Sisikii msasa wala ule mluzi wake usio na wimbo. Kwa miezi minne jirani yangu, fundi saa, alikuwa akiunganisha stesheni ya plastiki kwa ajili ya treni yake ndogo ya umeme. Kiharusi kilimwachia mkono wa kulia unaotetemeka, na dada yake alishatangaza: stesheni ikimshinda, duka la saa lifungwe na vifaa vigawiwe. Basi aliegemeza kiwiko mezani, akashusha pumzi, akapaka fremu ya dirisha moja, akapumzika, ndipo akaligeukia jingine. Kuta alizipaka wekundu wa tofali, kisha akazichafua kwa masizi, maana stesheni safi, alisema, haijapata kupitiwa na treni. Jana mimi na dada yake tuliitwa kuijaribu. Kumbe alikuwa ameligandisha jukwaa la abiria kabla ya kulipima kwa behewa refu kuliko yote. Behewa likakwaruza ukingo, likapinduka.

"Kaka, inatosha. Mkono umegoma, kubali tu."

"Mkono umefanya ulichoambiwa. Kichwa ndicho kilichosahau kupima. Mbona hicho husemi tukigawe?"

Dada alicheka bila kutaka. Fundi akashika wembe kwa mkono uleule, akalibandua jukwaa taratibu, akalirudisha nyuma kwa unene wa ukucha. Treni ikaja. Mabehewa saba yakapita, hakuna lililogusa. Dada akapiga vigelegele mpaka wa ghorofa ya chini wakagonga dari.

Saa hizi fundi yuko dukani kwake, anafungua saa ya mteja.