Mkanda wa Senti za Tundu

Mimi ni fundi mizani. Kibanda changu kiko Ngarenaro, kati ya mchomelea mageti na muuza vipuri vya pikipiki, na kwa zaidi ya miaka ishirini watu wameniletea mizani zilizochoka: za saa za wauza nyama, za mawe za wauza maharage, na zile ndefu za kupimia magunia ya kahawa kutoka mlimani. Sarafu yangu ya kwanza niliikuta chini ya kisahani cha mizani ya mfanyabiashara mmoja wa Maji ya Chai. Ilikuwa imebandikwa kwa ulimbo upande wa bidhaa, ili kilo ifike kabla ya kilo. Niliibandua, nikaisugua, nikaona taji na maandishi ya Kijerumani. Ilikuwa heller, moja ya zile zilizotuachia neno hela. Mwenye mizani hakuidai. Angeidaije?

Niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na baadaye kwa simu, na njia yangu ya kujifunza ni moja: napima, naandika. Kila sarafu niliyopata niliipima uzito kwa mizani ya sonara, nikapima upana wake, nikaandika mwaka, madini na mahali ilipotoka. Zilikuja taratibu. Shilingi za mkoloni zenye simba na milima nyuma yake. Senti hamsini zetu za sungura. Zile za shilingi tano zenye pembe kumi, ambazo wazee waliziita dala. Wateja waliojua udhaifu wangu walinilipa nusu kwa pesa na nusu kwa vyuma vya babu zao.

Sikuwa mjinga, au ndivyo nilivyojiona. Kila baada ya miezi michache simu za watu wa hapa hujaa ujumbe kwamba kuna mzungu fulani, au tajiri fulani wa Dar, ananunua rupia za Mjerumani kwa mamilioni. Nawajua watu waliochimba mashimo chini ya miti mikubwa kwa sababu waliambiwa Mjerumani alifukia sanduku. Niliwacheka. Wao walikuwa na tamaa, mimi nilikuwa na daftari.

Mke wangu hakuiona tofauti hiyo. Yeye ni Mwarusha, amekulia kwenye zizi, na kila mwaka alinikumbusha kwamba viwanja vya Nduruma vinaisha.

"Baba, hivyo vyuma vyako vinazaa?"

"Vinapanda thamani."

"Mbuzi hajui kupanda thamani. Yeye anazaa tu."

Nilikuwa nimemwahidi kwamba siku binti yetu wa kwanza atakapoolewa, sanduku langu litatoa sherehe ya kumuaga bila michango ya ndugu. Nililisema hilo mbele ya watu, zaidi ya mara moja. Kwa hiyo binti alipoleta habari za mchumba, nilianza kuzipitia sarafu zangu upya, nikitafuta moja yenye uzito wa kubeba maneno yangu.

Ndipo mama mkwe wangu akaja na mkanda.

Anaishi juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa mlima, na alikuwa mkunga kama mama yake. Siku ya mahari nilimpa kondoo, na tangu hapo, kwa desturi ya kwao, haniiti jina wala mkwe. Ananiita Paker, aliyenipa kondoo. Siku hiyo aliketi kwenye benchi la wateja, akafungua kanga, akatoa mkanda wa ngozi uliokuwa umekauka kama gome. Juu yake zilikuwa zimeshonwa sarafu hamsini na tatu za senti kumi, zile za mkoloni zenye tundu katikati, na pembeni mwa kila senti shanga moja ndogo. Zawadi ya mkunga enzi hizo ilikuwa senti hiyo moja. Zilipoacha kutumika madukani, watu waliendelea kumletea hizo hizo, maana kila nyumba ilibaki nazo. Mama yake alianza kuzishona, yeye akaendeleza. Ya mwisho ilikuwa ya binti yetu huyu, aliyezaliwa mikononi mwa bibi yake kwa sababu gari tulilokodi lilikwama kwenye matope ya masika.

"Ngozi imeoza, Paker," akasema. "Wewe una mikono ya taratibu. Nibadilishie ngozi tu. Kila kitu kikae kinapokaa. Nataka nimfunge mjukuu wangu siku ya kuagwa kwake."

"Itakuwa hivyo, mama."

"Usikimbie. Nakujua hukimbii."

Jumapili iliyofuata mke wangu alikwenda kanisani, mimi nikabaki nyumbani na mkanda. Nilipaswa kuanza na ngozi. Badala yake nilianza na lenzi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kuna mfalme wa Waingereza aliyekalia kiti chini ya mwaka mmoja, akakiacha kwa ajili ya mwanamke, na kwamba sarafu zake duniani ni adimu kuliko maji jangwani. Na nilipopitisha lenzi juu ya mkanda nikaona, kwenye senti ya katikati, herufi za jina lake. Halafu nyingine. Halafu ya tatu.

Senti zilishonwa zikiwa zimebana, na ili nione mwaka vizuri na kupima uzito ilibidi niiinue moja. Nilichukua wembe nikakata uzi chini ya ile ya kwanza. Nilidhani kila senti ina uzi wake. Kumbe mkanda wote ulishonwa kwa mshipa mmoja wa ng'ombe, na mshipa wenyewe ulikuwa umeoza kama ngozi. Nilipovuta, ulikimbia. Senti zikamwagika kwenye sinia na shanga zikaruka sakafuni.

Hapo bado ningeweza kusimama. Senti chache za mwisho zilikuwa bado zimeshika, na ngozi ilikuwa na alama za duara mahali kila senti ilipokaa miaka yote, nyingine nyeusi, nyingine hafifu. Simu yenye kamera ilikuwa mfukoni mwangu. Lakini mimi nilikuwa natafuta wafalme. Nilijiambia kwamba kwa kuwa zimeshatoka, acha nizipange inavyopaswa. Nikazitoa zilizobaki. Nikazisugua kwa majivu na ndimu hadi zikang'aa. Nikaziandika daftarini kwa mwaka na kwa mfalme, moja hadi hamsini na tatu, safi, bila kosa hata moja. Ngozi nikaitupa pamoja na takataka. Shanga nikazifagia.

Jumatatu nilizipeleka zile tatu mjini, kwenye duka la vinyago ambalo mwenyewe ni mama wa makamo anayejua vitu vya zamani kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Aliziangalia kwa muda mfupi mno. Akainama chini ya meza, akatoa kopo la maziwa ya unga, akamwaga mbele yangu senti za tundu kama mtu anayemwaga mahindi.

"Chagua, kaka. Mfalme wako yumo humo, yuko mara nyingi."

"Lakini hakukalia kiti hata mwaka."

"Kiti hakukalia. Mashine zilikuwa zimeshawashwa." Akacheka, bila ubaya. "Zenye sura yake ndizo watu wanatafuta. Hizi hazina sura, hapo pa kuweka uso pana tundu. Na nani amekudanganya uzisugue? Hata zingekuwa na bei, ungekuwa umeifuta kwa ndimu."

Halafu akaigeuza moja, akaona ukingo wa tundu ulivyolika upande mmoja.

"Hii ilishonwa. Ulizitoa kwenye nini?"

"Kwenye mkanda wa mkunga, mama mkwe wangu."

"Uko wapi?"

"Ngozi ilikuwa imeoza. Nimetupa."

Alivua miwani. "Kaka yangu. Mkanda mzima, na shanga zake, na mwenyewe yuko hai wa kueleza, ningekuagizia chai tukae tuzungumze bei. Wewe umeniletea washa za kupigilia mabati."

Nakiri maumivu ya kwanza yalikuwa ya pesa. Nilitembea kurudi Ngarenaro nikihesabu kilichopotea kama muuzaji, wala si kama mkwe. Watu huniuliza mpaka leo kama kukusanya sarafu kunalipa, na jibu langu limekuwa fupi. Bei iliyoandikwa kwenye kitabu ni ile ambayo mwenye duka angependa kukuuzia. Siku unapouza wewe, kitabu hicho hakifunguliwi. Na hapa kwetu bei isiyo na mnunuzi ni hadithi ya kupoza njaa. Kama ni kujifurahisha, jifurahishe, lakini usiite kujifurahisha kwako shamba, na usimwahidi mtu mavuno. Sanduku langu zima, nililolijaza kwa miaka ishirini, lilitosha kulipia viti na turubai. Vilivyobaki tulichangiwa, kama watu wote.

Mkanda niliutengeneza upya. Nilinunua ngozi nzuri, laini, nikatoboa kwa rula, nikashona kila senti kwa uzi wake ili ikikatika moja nyingine zisimwagike. Nilinunua shanga dukani, nikazipanga rangi kwa zamu. Kama kazi ya mikono, sijafanya nyingine bora. Nikazipanga kwa miaka, kwa sababu huo ndio mpangilio pekee niliokuwa nao.

Mama mkwe aliupokea uani kwake, mke wangu akiwa ameketi pembeni anachambua mboga. Aliuweka magotini, akaweka kidole kwenye senti ya kwanza karibu na kifungo, akafungua mdomo kutaja jina. Akasita. Akagusa ya pili. Akarudi ya kwanza.

"Huyu nani?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwepo.

"Nimezipanga kwa miaka, mama. Za zamani huku, mpya kule."

"Miaka ya nani?"

"Ya senti. Imeandikwa juu yake. Hii ya kwanza ni ya mfalme wa zamani zaidi."

"Paker," akasema taratibu, "huyo mfalme nilimzalisha mimi?"

Mke wangu alicheka kabla hajaelewa. Kisha akaelewa, akaacha mboga.

"Na shanga? Za bluu ni wavulana, nyeupe ni wasichana. Nyeusi zilikuwa nne. Ziko wapi?"

"Nilifagia."

Sikuhitaji kuambiwa kwamba nyeusi zilikuwa za wale waliozaliwa bila kulia. Alimgeukia binti yake akasema jambo kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini. Mke wangu hakunitafsiria, lakini nimeishi nao miaka mingi. Alisema wale wanne hawakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Baada ya wiki nilirudi na daftari jipya. Nilikuwa nimechora mistari: namba, jina, mama yake, mvua au kiangazi. Nilimwomba anitajie wote tangu mwanzo, nami ningeng'oa senti zote nizishone upya kwa mpangilio wake. Hakunikatalia. Alianza vizuri, na wa kwanza kumi na moja walitoka bila kusita, akiwemo mzee mmoja wa kanisa ambaye sikujua kwamba alizaliwa kwenye shamba la mahindi. Kwa wa kumi na mbili alinyoosha kidole, na kidole kikabaki hewani juu ya goti lake. Akataja mtu, akamwondoa, akamtaja tena baada ya mwingine. Alijaribu kuanzia mwisho kurudi nyuma, kuanzia kwa binti yetu. Akakwama baada ya wanne.

"Funga daftari," akasema. "Unanichosha."

"Hata wasiwe kwa mpangilio, mama, tuandike majina."

"Majina yako kanisani, yameandikwa. Nenda ukasome huko, si unapenda kusoma."

Binti yetu alipoambiwa kwamba hatafungwa mkanda wa bibi, alisema hakuna neno, atanunua mwingine. Alinunua sokoni, wa shanga za plastiki, unaong'aa, wa aina wanayovaa maharusi wote siku hizi. Mke wangu hakunilaumu kwa maneno. Aliacha tu kunitania kuhusu mbuzi na vyuma, na utani ule ndio uliokuwa mazungumzo yetu ya kila siku.

Siku ya kuagwa, turubai lilijaa watu wa pande mbili za mlima: wa kwetu Wameru upande mmoja, wa kwao Waarusha upande mwingine, na pilau katikati. Ulipofika wakati wa bibi kumbariki mjukuu, aliinuka na fimbo yake, akamtemea mate ya baraka kifuani, akamwekea mikono kichwani, akaketi. Mikono ilishuka mitupu. Jirani yake mmoja, mama mzee aliyezalishwa na mama wa bibi huyo na aliyejua kwamba senti yake imo, aliinama akamuuliza kwa sauti ya kiziwi, turubai zima likisikia:

"Mkanda je? Si ulisema utamfunga mkanda?"

Nilikuwa nimeketi viti vitatu kutoka kwao, nina sahani mkononi. Mama mkwe hakunitazama.

"Uko kwa fundi," akajibu. "Bado hajaumaliza."

"Huyo fundi mzembe! Mpokonye umpe mwingine."

"Hapana. Ni fundi mzuri. Anafanya taratibu."

Yule mama akatikisa kichwa akarudia nyama yake. Watu wakaendelea kula, nami nikaendelea kula.