Kitanda Kisicho na Uvungu

Tunawatangazia ndugu, jamaa na wote wanaoheshimu wanaume wenye misuli kwamba seremala wetu, Kisanduku, ametishwa na katuni. Kwa mara ya pili.

Mara ya kwanza alikuwa na miaka saba. Katika katuni hiyo zimwi liliishi uvunguni, likiwavuta watoto kwa visigino. Mwenzetu akaapa kuukomesha uvungu duniani, na kwa kuwa kiapo bila ujuzi ni kelele, akajifunza useremala. Miaka ishirini sasa anatengeneza vitanda vilivyokaa sakafuni kama masanduku. Mteja akiuliza mabegi atayaweka wapi, anajibiwa kwamba mbao zikigusa chini hazichezi. Utaalamu huo!

Kisha bintiye wa miaka sita akapewa chumba chake, akataka kitanda chenye uvungu.

"Utaogopa," baba akasema.

"Niogope nini?"

Mama mtu akadakia: "Baba'ke, mwonyeshe hilo zimwi lako yaishe. Jumamosi mtoto anahama, kitanda kiwe na miguu au mabawa."

Basi Jumapili mchana wakaketi watatu mbele ya televisheni, katuni ile ile ya zamani ikawekwa. Zimwi likatokea. Mtoto akacheka mpaka akapaliwa.

"Meno kama kitana! Halafu linaishi peke yake, maskini."

Kisanduku naye alilikodolea macho bila kupepesa. Shujaa! Ila palikuwa na kitu ambacho utotoni hakukiona: chumba cha pili, baba wa mtoto anayevutwa. Mtoto huyo wa katuni aliita mara tano. Baba mtu akageuka upande wa pili, akaendelea kukoroma, mdomo wazi.

Jasho likamtoka fundi.

"Kama wewe vile," mkewe akasema. "Juzi huyu alipotapika, nani aliamka?"

Fundi akainuka akaizima televisheni, kana kwamba hakimu ameahirisha kesi.

Jumamosi kitanda kikaingia: miguu minne, uvungu wa kutosha ukoo mzima wa mazimwi. Mtoto akajitosa chini yake na mdoli, akagoma kutoka. Fundi akachukua bisibisi, akang'oa mlango wa chumba chake mwenyewe na mkewe, akauegemeza ukutani.

"Wee, Baba'ke! Tulale peupe kama stendi?"

Mimi jirani, niliyekuja kusaidia kubeba kitanda, nikamuuliza kwa upole wa kinafiki: ndiko kukua huko, kuacha kuogopa zimwi na kuanza kumwogopa baba aliyelala?

Akatia skrubu mfukoni.

"Mlango ulikuwa unakwaruza sakafu," akasema.