Kiumbe Kilichoitikia Jina

Siku ile sikuwa na homa; nilijipima. Sikuwa nimekunywa pombe, na jua lilikuwa bado juu. Nayasema haya mapema kwa sababu najua mtakachosema mkimaliza kunisikiliza.

Nilikuwa mtunza sampuli za mawe kwenye machimbo ya risasi ya Mpanda, miaka ile reli ilipokuwa bado mpya. Mzungu mmoja, mpimaji wa miamba, aliletewa maji ya bahari kwa treni, mapipa mawili. Akayatia kwenye tangi la kioo, akafuga samaki wa pwani. Walikufa wote. Alipohamishwa akaniambia niyamwage. Sikuyamwaga. Nilihamishia tangi nyumbani kwangu Misunkumilo, nikawa naongeza maji ya mvua kadiri yalivyopungua, maana chumvi haipandi na mvuke. Hilo nilijifunza mwenyewe vitabuni.

Mwezi wa pili nikaona kitu kimekaa kati ya mawe ya chini. Inchi nne na nusu. Rangi ya udongo mbichi. Hakikuwa na macho, mdomo wala mapezi, ila ncha sita laini upande mmoja. Nilikimulika kwa tochi, nikakigusa kwa kijiti, nikakipa nyama. Hakikutikisika. Kitabu changu cha viumbe vya bahari nilikipitia picha kwa picha, kitu hicho hakikuwemo.

Nikamwita muuza samaki wa migebuka kutoka Karema, kando ya ziwa. Aliinama, akatazama, akacheka.

"Bwana karani, hiki si cha ziwani, na kingekuwa cha ziwani ningekirudisha. Kikaange kabla mkeo hajakionea wivu."

Mke wangu alicheka kumshinda. "Baba Kalunde, vitabu vimekushinda. Basi kitajie majina, kama mtoto mchanga!"

Kwa msio wa huku, nieleze. Mtoto mchanga akilia siku nyingi, wazee humtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja moja. Likitajwa analolitaka, hunyamaza. Binti yetu alinyamaza kwa jina la mama yangu mzazi, Kalunde. Kiumbe kilipoonekana alikuwa na miaka mitano, na kwa maswali alinizidi mimi.

Mke wangu alikuwa anatania. Mimi nikaliona ni jaribio kama majaribio mengine. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nikaandika marehemu wote wa pande zetu mbili, nikaketi mbele ya tangi, nikasoma, nikihesabu hadi sitini baada ya kila jina. Kalunde alichuchumaa kando yangu, akiiga sauti yangu na kucheka.

Mama yangu ni marehemu, kwa hiyo nilimwandika. Je, mnaliona kosa langu? Jina likishapewa mtoto, marehemu hanalo tena. Kila bibi wa kijiji cha Kabungu anajua hivyo. Nami nilijua, lakini siku ile nilifuata orodha.

Niliposoma "Kalunde," kile kitu kiligeuka. Ncha zote sita zilinielekea. Kando yangu kicheko kilikatika, nami, niaminini, sikutazama. Macho yalikuwa kwenye kioo. Jaribio moja halithibitishi kitu, ndivyo nilivyojifundisha. Nikaliita tena. Nikaliita mara ya tatu. Kila mara kiligeuka.

"Kalunde, njoo unawe!" mama yake akaita kutoka uani.

Mtoto hakuinua kichwa. Ndani ya maji, kile kitu kiligeukia mlango wa uani.

Tulimpeleka hospitali ya misheni. Daktari akasema masikio ni mazima. Ni kweli, mvua anaisikia, na mlango ukibamizwa anashtuka. Ila haitiki. Tumemtajia majina yote ya ukoo, tumempa mapya, hakuna analoligeukia, wala hajatamka neno. Sasa ana miaka tisa. Kwa nini simwagi maji yale? Kwa sababu sijui nitakuwa nimeua nini.

Mke wangu hajanilaumu hata mara moja; ningependa anilaumu. Jioni huketi mbele ya tangi na kuita taratibu, "Kalunde, mama. Kalunde." Kile kitu humgeukia. Mwanzoni nilimkataza, siku hizi natoka nje. Binti yetu hukaa sakafuni nyuma ya mama yake, akitazama ukuta.

Nawe unayependa kujua mambo, ukikuta kiumbe usichokijua, kipime, kichore, kisha kiache. Usikitafutie jina nyumbani kwako. Nyumbani kila jina lina mwenyewe.