Msalaba wa Wino

Jumanne, nilipopeleka mitihani ya wanafunzi wangu kwenye duka la fotokopi hapa Butembo, niliwakuta wazee wawili waliosoma pamoja shule ya kijeshi. Walikuwa wamekutana sokoni kwa bahati, baada ya miaka mingi. Mmoja anakaa hapa, mwingine ametoka Beni, na walitaka kukuza picha ya promosheni yao, wale waliohitimu pamoja.

Mwenyeji alikuwa amechora msalaba mdogo juu ya kichwa cha kila aliyefariki. Wakaipitia picha safu kwa safu, polepole.

"Huyu alikuwa anaimba misa mu usingizi," alisema mwenyeji.

"Na huyu alinipatiaka viatu vyake."

Kisha kidole cha mgeni kikasimama juu ya kijana mwembamba mwenye msalaba.

"Ndeko, ndugu yangu, huyu ni mie!"

"Pardon, mon vieux, unisamehe, nilisahau huo msalaba! Balituambiaka ulikufa kule Kalunguta. Nilikulilia siku tatu."

"Mie niko na wajukuu saba, na wewe unanizika!"

Walicheka hadi wakashika meza. Mwenye duka akawapa kifutio, lakini wino haukutoka. Mgeni akaacha kusugua, akatazama misalaba mingine.

"Na hawa kumi na mmoja, uliona makaburi yabo?"

"Ya babili tu."

Kicheko kikaisha. Mwenyeji akafuta miwani yake, akatoa simu.

"Tuulize kama kweli balikufa. Tuanze na huyu mwimbaji. Dada yake anauzisha vitenge Kasindi."

Darasani kwangu, mtoto asiyeitika jina asubuhi huwa namwandika "hayupo" kwa penseli. Mara nyingi yuko njiani.